Kocha Aondoke: Historia ya Hasira za Msimbazi

Kati ya Mei 2012 na Desemba 2025, benchi la ufundi la Simba lilikaliwa na makocha wakuu wapatao 20, ukiwahesabu na wale waliokaimu kwa miezi kadhaa. Walitoka Serbia, Croatia, Ufaransa, Zambia, Uingereza, Uganda, Cameroon, Ubelgiji, Hispania, Brazil, Algeria, Afrika Kusini na Bulgaria, na wengine walitoka hapa hapa nyumbani. Wapo walioondoka na vikombe kabatini na wapo walioondoka mikono mitupu, lakini wengi walipita njia moja: kipigo kimoja kizito, kelele za redioni asubuhi yake, kikao cha viongozi, kisha taarifa fupi ya kumshukuru kocha kwa utumishi wake. Mtaani wanasema amepewa "thank you".

Mimi ni mtu wa Msimbazi, yaani wa Simba, na sijawahi kuwa wa timu nyingine. Hasira ya shabiki wa Simba naijua na naiheshimu, maana ni ya mtu aliyelipa kiingilio, akapanda daladala tatu, akarudi usiku huku mtani wa Yanga akimsubiri kibarazani. Lakini nikiifuata hasira hiyo mwaka hadi mwaka, naona kwamba mara nyingi imemuangukia mtu mwenye kosa dogo kuliko wote.

Kipimo cha zamani: 1936–1980

Klabu ilizaliwa mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya Young Africans, na walioianzisha walikuwa watu waliojitenga na Yanga hiyo hiyo. Ilipita kwenye majina kadhaa, ikatamba zaidi kwa jina la Sunderland, na mwaka 1971 ndipo ikaitwa Simba. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, ubingwa wa kwanza ulikwenda kwao.

Kwa kuwa ilitoka ubavuni mwa mtani, haikuwahi kupimwa kwa kipimo kingine kizito kuliko mtani. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga mabao 5-0. Deni hilo lilikaa miaka tisa, hadi 19 Julai 1977, Simba ilipolilipa kwa 6-0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake. Kijana aliyezaliwa miaka 30 baada ya siku hiyo anaweza kukutajia mfungaji na tarehe bila kusita. Ndani ya miaka hiyo Simba ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980, lakini ukikaa kijiweni utasikia ile sita kwanza, ubingwa baadaye.

Nje ya mipaka nako palikuwa na sababu ya kujivuna. Mwaka 1974 timu ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri. Mwaka 1979 ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar es Salaam, watu wakatoka uwanjani wakijua safari imekwisha, kisha vijana wakaenda Zambia wakashinda 5-0. Hiyo mechi imewafundisha Wanasimba kutokata tamaa, na imewafundisha pia jambo la hatari: kwamba kwa Simba hakuna kisichowezekana, kwa hiyo kikishindikana lazima pawe na mtu aliyeharibu.

Na mtu huyo alitafutwa ndani ya mfumo wa klabu yenyewe. Simba ilikuwa mali ya wanachama wenye kadi. Wana matawi, wana mkutano mkuu, na viongozi huingia kwa kura. Kiongozi anayetaka kura hawezi kukaa kimya timu ikifungwa, ni lazima aonekane amechukua hatua. Mchezaji ana mkataba, ada yake ya usajili imeshalipwa, tena ana mashabiki wake. Kiongozi hawezi kujifukuza mwenyewe. Anabaki kocha, mgeni asiye na tawi wala kura.

Kati ya Stella na Zamalek: 1993–2010

Miaka ya mwisho ya 1980 ilikuwa migumu, timu ikaponea chupuchupu kushuka daraja. Ilipoinuka, iliinuka kweli. Mwaka 1993, Kibadeni akiwa sasa ni kocha, Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Ugenini ilitoka 0-0, na mji mzima ukaamini kombe limeshafika. Nyumbani ikafungwa 2-0. Waliokuwapo wanazungumza juu ya siku hiyo kama msiba.

Mwaka 2003 Mkenya James Siang'a aliiongoza timu kuwavua ubingwa wa Afrika Zamalek, Cairo, kwa mikwaju ya penalti, huku Juma Kaseja akiwa golini. Mwaka 2010 Mzambia Patrick Phiri alimaliza ligi bila kupoteza mchezo hata mmoja. Nawataja hawa wawili kwa sababu mashabiki huwataja kila kocha mpya anapoteleza: mbona Siang'a aliweza, mbona Phiri aliweza? Phiri mwenyewe angekuja kuonja upande wa pili wa swali hilo.

Mei 2012

Kama kuna mwezi unaoeleza yote yaliyofuata, ni Mei 2012. Kocha alikuwa Mserbia Milovan Cirkovic. Tarehe 6, siku ya kufunga ligi, Simba ambayo ilikuwa imeshautia ubingwa mfukoni iliifunga Yanga 5-0. Emmanuel Okwi alifunga mawili, na hata kipa Kaseja alitoka golini kwake akaenda kupiga penalti, akafunga. Ile ya 1968 ilikuwa imelipwa tena.

Wiki moja baadaye timu ilikuwa Sudan kurudiana na Al Ahly Shendi katika Kombe la Shirikisho Afrika. Ilikwenda na mtaji wa mabao 3-0, ikafungwa 3-0, ikatolewa kwa penalti. Siku nne baada ya hapo, tarehe 17, kiungo Patrick Mafisango alifariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam. Katika muda wa siku 11 klabu ilipata furaha yake kubwa kuliko zote za kizazi hiki, ikapoteza njia ya Afrika, ikafiwa na mmoja wa wachezaji wake bora.

Kikosi kile hakikupata mrithi. Beki Kelvin Yondani alivuka kwenda Yanga mwaka huo huo. Okwi aliuzwa Etoile du Sahel ya Tunisia Januari 2013, na fedha za mauzo zikageuka kuwa mgogoro wa muda mrefu. Kaseja naye aliachwa katikati ya 2013. Cirkovic, kocha wa ile tano, alikuwa ameshaondoka kabla mwaka 2012 haujaisha. Mashabiki walikasirika kwamba timu haichezi kama ilivyocheza Mei. Wachezaji wa Mei walikuwa hawapo.

Miaka ya mchangani: 2013–2017

Mfaransa Patrick Liewig aliikuta hali hiyo Januari 2013. Alitolewa Afrika na Libolo ya Angola kwa 1-0 nyumbani na 4-0 ugenini, na akaamua kuwapa nafasi vijana wa kikosi cha pili: Jonas Mkude, Ramadhani Singano, Haruna Chanongo, William Lucian. Timu ikamaliza ya tatu na kufungwa 2-0 na Yanga siku ya mwisho. Uamuzi wake ulikuwa wa busara, na Mkude alikuja kuwa nguzo ya klabu kwa miaka mingi. Liewig hakupewa muda wa kuliona hilo.

Akarudishwa Kibadeni, shujaa wa 1977. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilikuwa inaongoza 3-0 hadi mapumziko. Kipindi cha pili Simba ilirudisha yote matatu. Usiku ule Kibadeni alibebwa juu juu kwa sifa, lakini haukupita muda mrefu klabu ikaingia katika mvutano wa uongozi, na kufikia Desemba benchi lilikuwa la Mkroatia Zdravko Logarusic. Loga, kama alivyoitwa, alianza kwa kuifunga Yanga 3-1 katika mechi ya Nani Mtani Jembe, akamaliza ligi nafasi ya nne. Agosti 2014, siku ya Simba Day, mbele ya mashabiki waliokuja kutambulishwa kikosi kipya, timu ikafungwa 3-0 na ZESCO ya Zambia. Msimu haujaanza na Loga akawa hana kazi.

Ndipo Phiri akaitwa aje kuokoa. Alianza ligi kwa sare sita mfululizo. Wengi tunazikumbuka sare hizo kuliko vipigo, kwa sababu kila wiki ilikuwa na matumaini na kila wiki yalikufa. Kabla ya mwaka mpya, mtu aliyetwaa ubingwa bila kufungwa alikuwa ameondoka. Mserbia Goran Kopunovic akaja, akatwaa Kombe la Mapinduzi Januari 2015 na kuishia nafasi ya tatu. Mwingereza Dylan Kerr akaja, akaondolewa Januari 2016 baada ya kutolewa na Mtibwa Sugar katika Mapinduzi hiyo hiyo. Mganda Jackson Mayanja akashika usukani, akashinda mfululizo, hadi alipokutana na Yanga.

Hapa lazima nisimame kwa Amissi Tambwe. Mrundi huyu alikuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2013/14 akiwa na mabao 19 kwa jezi nyekundu. Desemba 2014 Simba ilimwacha. Yanga haikulala, ikamsajili. Septemba 2015 Yanga iliifunga Simba 2-0 na Tambwe akafunga. Februari 2016 ikaifunga tena 2-0 na Tambwe akafunga. Msimu huo akawa tena mfungaji bora, safari hii na mabao 21, na ubingwa ukaenda Jangwani, kwa Yanga. Kerr alilaumiwa kwa mechi ya kwanza na Mayanja kwa ya pili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemwacha Tambwe. Walioketi mezani siku ile ya Desemba hawakuimbiwa nyimbo za kuondoka uwanjani, kwa sababu majina yao hayakuandikwa kwenye ubao wa matokeo.

Miaka hiyo Simba ilikosa kabisa mashindano ya Afrika, tangu Libolo 2013 hadi 2018. Mashabiki wa Yanga, ambao walijiita wa kimataifa, walituita wa mchangani. Neno hilo liliuma kwa sababu lilikuwa kweli. Kila Februari wenzetu walipokuwa wakishabikia mechi za Waarabu, sisi tulikuwa tukijadili kocha gani ataletwa.

Hasira ikafurika tarehe 1 Oktoba 2016. Tambwe, yule yule, alifunga bao ambalo watu wa Simba waliona wazi kwamba aliushika mpira kwa mkono. Nahodha Mkude akamzonga mwamuzi akaonyeshwa kadi nyekundu. Jukwaani viti vikaanza kung'olewa na kurushwa, mamia ya viti, katika uwanja wa taifa. Baadaye Shiza Kichuya alipiga kona iliyoingia moja kwa moja wavuni na mchezo ukaisha 1-1, lakini uharibifu ulikuwa umeshafanyika na Serikali ikazifungia timu zote mbili kuutumia uwanja huo. Siwezi kutetea kilichotokea. Naweza tu kusema kwamba bao lile lilikuwa la mwisho katika msururu wa miaka minne, na kwamba aliyelifunga alikuwa mtu wetu.

Msimu huo, chini ya Mcameroon Joseph Omog, Simba ililingana na Yanga kwa pointi 68 na kukosa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Mwezi Mei 2017, Dodoma, iliifunga Mbao FC 2-1 katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, kwa penalti ya Kichuya dakika za mwisho za muda wa nyongeza. Tiketi ya Afrika ikarudi.

Fedha, usajili na miaka minne ya raha: 2017–2021

Mageuzi hayakuanzia kwenye benchi. Agosti 2017 wanachama walikubali klabu ibadili mfumo wa uendeshaji, na Desemba mwaka huo Mohammed Dewji akatangazwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji wa asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20. Lakini hata kabla ya tangazo hilo usajili ulikuwa umeshabadilika sura. Kutoka Azam walikuja kwa mpigo Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco. Kutoka Yanga akaja Haruna Niyonzima. Okwi akarudi.

Omog alipewa gari hilo jipya na hakufika nalo mbali. Desemba 2017 Simba ilitolewa kwa penalti na Green Warriors, timu ya madaraja ya chini, katika kombe ililokuwa inalitetea, na Omog akaondoka mara moja. Akaja Pierre Lechantre, Mfaransa aliyeipa Cameroon ubingwa wa Afrika mwaka 2000, na timu ikabeba ubingwa wa kwanza tangu 2012 huku Okwi akifunga mabao 20. Siku ya kukabidhiwa kombe, 19 Mei 2018, Rais John Magufuli akiwa jukwaani, Simba ilifungwa 1-0 na Kagera Sugar, kipigo chake pekee cha msimu. Rais hakuficha: aliwaambia kwamba kwa kiwango alichokiona wasitegemee kombe la Afrika. Lechantre aliondoka na ubingwa wake muda mfupi baadaye.

Mbelgiji Patrick Aussems akaijibu kauli ile kwa vitendo. Msimu wa 2018/19 Simba ilifungwa 5-0 ugenini na AS Vita, ikafungwa 5-0 ugenini na Al Ahly, kisha ikashinda nyumbani dhidi ya wote wawili na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mashabiki waligundua jambo: kwa mara ya kwanza walivumilia kipigo cha mabao matano bila kumfukuza mtu, wakalipwa uvumilivu wao. Clatous Chama alikuwa akifunga mabao ya dakika za mwisho, Meddie Kagere akapiga la ushindi dhidi ya Ahly, na Msimbazi ikajaa.

Uvumilivu huo haukudumu. Agosti 2019 UD Songo ya Msumbiji iliitoa Simba hatua ya awali kwa bao la ugenini, na kabla ya Desemba Aussems alikuwa ameondolewa huku timu ikiongoza ligi. Mbelgiji mwenzake, Sven Vandenbroeck, alitwaa ligi na Kombe la Shirikisho la Azam, akaifunga Yanga 4-1 njiani, na Januari 2021, siku moja baada ya kuichapa FC Platinum 4-0 na kuingia makundi, aliondoka mwenyewe kwenda Morocco. Didier Gomes akachukua nafasi, akaifunga Al Ahly 1-0 kwa bao la Luis Miquissone na kuongoza kundi. Makocha wanne kwa mataji manne mfululizo ya ligi. Ukiliangalia hilo vizuri, unaona kilichokuwa kimetulia ni kikosi, na kikosi kilipotulia karibu kila aliyekaa kwenye benchi alionekana hodari.

24 Oktoba 2021

Agosti 2021 Chama aliuzwa RS Berkane na Miquissone akauzwa Al Ahly. Dirisha moja, na wachezaji wawili waliokuwa wakitengeneza mabao mengi ya timu wakawa wamekwenda. Biashara ilikuwa nzuri. Mbadala wao haukulingana nao, na kila aliyekaa jukwaani aliona.

Oktoba Simba ilikwenda Botswana ikaifunga Jwaneng Galaxy 2-0. Marudiano yalikuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, mahali ambapo kauli yetu ilikuwa kwamba kwa Mkapa hatoki mtu. Rally Bwalya alifunga kabla ya mapumziko, jumla ikawa 3-0. Watu walianza kupanga safari za makundi. Kipindi cha pili kilipoanza tu, Jwaneng wakapata la kwanza. Jukwaa halikushtuka. Wakapata la pili, na sasa kelele zikabadilika: majina ya wachezaji yakaanza kutajwa kwa hasira, pasi ya nyuma ikazomewa, watu wakasimama wakimwonyesha kocha kwa mikono afanye mabadiliko. Zikiwa zimebaki dakika chache, likaingia la tatu. Jumla 3-3, na mabao ya ugenini yakawabeba wageni.

Nje ya geti wengine walikuwa wakilia waziwazi, watu wazima wenye familia. Kwenye vipindi vya redio asubuhi iliyofuata, jina la Gomes lilitajwa kuliko jina lingine lolote. Chama na Miquissone walitajwa pia, lakini kwa huzuni, kama watu waliosafiri kwa mapenzi ya Mungu. Siku mbili baadaye Gomes akaondoka.

Mkono wa Novemba: 2021–2024

Mhispania Pablo Franco alifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, akatolewa na Orlando Pirates kwa penalti. Mwisho wa Mei 2022 alifungwa 1-0 na Yanga jijini Mwanza katika nusu fainali ya kombe la nyumbani na hakurudi mazoezini. Zoran Maki alikaa wiki chache tu. Juma Mgunda aliletwa kutoka Coastal Union, akaipeleka timu makundi kwa utulivu na lugha ambayo wachezaji na mashabiki waliielewa, kisha Januari 2023 akawekwa pembeni kumpisha Mbrazili Roberto Oliveira, Robertinho. Mgunda alistahili zaidi ya alichopewa, na nadhani kosa lake kubwa lilikuwa kuwa mwenzetu.

Upande wa pili, Yanga ilikuwa imemaliza miaka yake minne ya shida, ile ya kutembeza bakuli la michango, na ilikuwa imejifunza. Nasreddine Nabi alifika Aprili 2021 wakati wakiwa nyuma yetu, hakutwaa ubingwa msimu huo, na hawakumfukuza. Msimu uliofuata alibeba ligi bila kufungwa.

Robertinho alikuwa na siku zake. Horoya ilipigwa 7-0, Yanga ikapigwa 2-0 Aprili 2023, na Wydad ikahitaji penalti kututoa robo fainali. Msimu wa 2023/24 alikuwa hajafungwa kwenye ligi hadi 5 Novemba 2023. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1. Kisha Maxi Nzengeli, Stephane Aziz Ki, Maxi tena na Pacome Zouzoua: 5-1. Usiku ule Dar es Salaam nzima watu walipungiana mikono yenye vidole vitano. Siku mbili baadaye Robertinho akapewa "thank you".

Abdelhak Benchikha wa Algeria alikuja na sifa ya kuipokonya Yanga Kombe la Shirikisho Afrika akiwa na USM Alger. Alifika robo fainali ya mabingwa, Al Ahly wakamtoa, Yanga wakamfunga 2-1 Aprili 2024, naye akaomba kuondoka kwa sababu za kifamilia siku moja tu baada ya kutwaa Kombe la Muungano. Mgunda akaitwa tena kuzima moto. Simba ikamaliza ya tatu, sawa kwa pointi na Azam, ikakosa Ligi ya Mabingwa. Hapo ndipo sauti zilibadilika kidogo. Mashabiki walianza kuhoji uongozi waziwazi, usajili wa wachezaji waliopita umri na mikataba isiyoeleweka. Wajumbe wa bodi wakajiuzulu na Dewji akarejea kuwa mwenyekiti wa bodi. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, hasira ilikuwa imepanda ghorofani.

Fadlu na baada yake: 2024–2025

Kikosi kilivunjwa na kuundwa upya, wengi wao vijana, na Fadlu Davids wa Afrika Kusini akapewa kazi. Jean Charles Ahoua akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Mei 2025 Simba ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ya kwanza ya Afrika tangu Stella. Ilifungwa 2-0 Berkane na kutoka 1-1 katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Tuliumia, lakini hatukuona aibu.

Kilichommaliza Fadlu kilikuwa kile kipimo cha zamani. Alikutana na Yanga katika Ngao ya Jamii na ligi, na hakuifunga hata mara moja. Tarehe 25 Juni 2025 mchezo wa mwisho wa ligi ulikuwa ndio wa kuamua bingwa, Yanga ikashinda 2-0 na kuchukua taji la nne mfululizo. Muda mfupi baadaye nahodha Mohamed Hussein "Tshabalala" alikuwa amevaa kijani. Septemba Yanga ilishinda tena 1-0, na siku chache tu mbele Fadlu akaenda Raja Casablanca. Mbulgaria Dimitar Pantev aliyekuja Oktoba aliondolewa mwanzoni mwa Desemba, baada ya kufungwa na Petro Luanda nyumbani na Stade Malien ugenini. Kabla mwaka haujaisha akatangazwa Steve Barker, kocha ambaye Simba ilimtoa katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwezi Aprili alipokuwa na Stellenbosch.

Kila kocha atafungwa siku moja, labda na Yanga, na wimbo utaanza. Wewe mwenye kadi ya uanachama, siku hiyo usiishie kwenye benchi. Nenda kwenye mkutano mkuu, simama, uliza nani aliidhinisha mchezaji fulani aachwe, nani alimsajili aliyekuja badala yake, kocha aliulizwa au hakuulizwa, na fedha za mauzo zilikwenda wapi. Uliza majina. Usikae chini hadi ujibiwe.